Sanduku Jekundu la Mama Kamau

Furaha, siku ya keki ya kuniaga uliniomba niandike yale ambayo hayamo kwenye faili la maelekezo. Nilikujibu kwamba sina la kuandika. Sasa nina wiki tatu nyumbani hapa Mayfair, Johannesburg, nimefua mapazia yote, nimepanga vyombo mara mbili, na jirani yangu Msomali ameanza kujifanya hayupo nikibisha hodi. Kwa hiyo naandika, kwa ajili yako na wenzako mliobaki karakana.

Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa viwili tu, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za utomvu, za brashi na za Mama Hisae aliyenifundisha. Halafu nitaandika kosa langu la rangi nyekundu, lile lililonifanya ninyang'anywe brashi ya tabaka la mwisho. Najua mmelisikia nusu, tena ile nusu inayochekesha.

Niliingia karakana ile kama mfagiaji. Marehemu mume wangu alikuwa na kibanda cha nguo Fordsburg, na biashara ilipolegea, mteja wake mmoja alituambia kuna mama wa Kijapani upande wa mashariki wa mji anatafuta mtu wa usafi. Alituambia pia kwamba wafagiaji hawadumu pale. Sikuuliza sababu, maana mtu mwenye shida ya kazi haulizi maswali ya namna hiyo. Sababu niliiona siku ya kwanza kwenye picha iliyobandikwa ukutani kama onyo. Ilikuwa ya msichana aliyenitangulia, uso umeumuka, macho yamezibwa na uvimbe.

Nyinyi mnajua, lakini huenda karatasi hii ikasomwa na mtu mwingine, basi niseme. Laka ya Kijapani si rangi ya dukani. Ni utomvu wa mti, unakingwa kidogo kidogo kwa kuuchanja mti gome, na kabla haujakomaa unauma ngozi. Ukigusa tone leo, kesho mkono unawasha, keshokutwa unafura. Ukishakomaa hauna neno, unaweza kulia uji kwenye bakuli lililopakwa utomvu huo. Lakini kabla ya hapo hauna urafiki na mtu.

Siku ya tatu Mama Hisae alinikuta nimepiga magoti, nafuta matone sakafuni kwa kitambaa chembamba na mikono mitupu. Hakupiga kelele. Alinishika mkono, akaugeuza huku na huku, akaniambia nirudi kesho nimwonyeshe. Kesho yake mkono ulikuwa vilevile. Keshokutwa pia. Akaniuliza nilifanya kazi gani kabla ya hapo, nikamwambia nilibangua korosho kiwandani Lindi kwa miaka minane. Mtu aliyebangua korosho anajua mafuta ya maganda yake yanavyobabua vidole. Mwaka wa kwanza nilikuwa siwezi kushika kijiko. Baadaye ngozi ilikata tamaa, ikazoea. Mama Hisae alicheka, jambo ambalo halikutokea mara nyingi, akanieleza kwamba mkorosho na mti wake wa utomvu ni wa ukoo mmoja. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa ufundi. Si kwa kipaji, ni kwa ngozi. Nyinyi hamkubangua korosho, kwa hiyo vaeni glavu.

Yeye mwenyewe alifika Johannesburg akifuatana na mumewe, mhandisi wa migodi. Mumewe akafariki, yeye akabaki, na kwa nini alibaki hakuwahi kuniambia. Kwa kazi yake, mji huu ni mahali pabaya mno. Utomvu haukauki kama rangi nyingine. Unakomaa, na ili ukomae unataka hewa yenye unyevu na joto la wastani. Mwezi wa Julai hewa ya hapa inapasua midomo. Ukipaka utomvu ukauacha mezani, wiki nzima utaukuta unanata vilevile, unakusanya vumbi. Ndiyo maana tuna lile kabati la mbao lenye vitambaa vibichi ndani. Umeme ukikatika, mafundi wote wa jengo letu walikuwa wakitoka kuvuta sigara, sisi tunaendelea. Maji yakikatika ndipo tulipokuwa sisi wa kuhangaika. Yale mapipa mawili ya bluu kule nyuma msiyaondoe, hata kama mwenye jengo anasema yanaharibu sura ya ua.

Kipimo cha unyevu kipo, lakini msikitegemee peke yake. Pulizeni pumzi juu ya kitu, kama mtu anayetaka kusafisha miwani, mwangalie ule ukungu unavyokaa na unavyoondoka. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Pulizeni mara elfu moja, mtajua.

Miaka minne ya mwanzo nilichuja. Unaweka utomvu kwenye karatasi laini, unasokota ncha mbili kama pipi, yanatoka matone safi, uchafu unabaki. Basi. Nilichuja, nikasaga udongo wa kuzibia nyufa, nikasugua tabaka kwa makaa na maji. Kitu kimoja kinaweza kupakwa mara ishirini au thelathini, na kati ya kila tabaka na jingine kuna kungoja na kusugua. Tabaka zote za chini hakuna atakayeziona. Tabaka la mwisho peke yake ndilo linaloonekana, na ndilo linalopakwa kwa ile brashi ya nywele.

Brashi ile imetengenezwa kwa nywele za wanawake, zimebanwa katikati ya mbao nyembamba kutoka mwanzo hadi mwisho, kama risasi ndani ya penseli. Zikichakaa unachonga mbao, unapata nywele mpya. Wateja wakiambiwa ni nywele za watu hurudisha mikono nyuma. Kisha huomba kuona tena.

Tabaka la mwisho hupakwa chumba kikiwa kimefungwa, sakafu imenyunyizwa maji ili vumbi litulie, mtu hakohoi wala hatembei. Mama Hisae alinikabidhi brashi ile mwaka wa tano, bila hotuba. Aliiweka tu mezani pangu asubuhi, akaenda kuchuja utomvu mwenyewe. Nilikaa nikiitazama mpaka saa ya chai.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa za kijinga. Kuna bwana aliyeleta bakuli la supu alilolitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo, akataka kujua kama tunatoa dhamana. Kuna muuza vitu vya kale aliyetaka trei jipya lionekane la zamani, na baada ya mwezi akaja mwingine akitaka trei la zamani lionekane jipya. Mama Hisae aliwafukuza hao wawili wa trei kwa adabu ileile, akiinama kidogo. Ilinichukua muda kugundua kuwa ni mtu mmoja.

Sasa nyekundu. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mambo mengine yote yanatoka hapa. Unga mwekundu ukichanganywa na utomvu, ukipakwa na kukomaa, siku ya kwanza rangi hutoka nzito, inaelekea kahawia. Utomvu wenyewe ni wa kahawia, ndio unaoifunika. Lakini kadiri miezi inavyopita utomvu unazidi kuwa angavu, na wekundu unajitokeza. Baada ya mwaka hivi ndipo unaiona rangi uliyokuwa unaitaka. Kwa hiyo ukiziba kiraka kwenye kitu chekundu cha zamani, fundi mwaminifu anamkabidhi mteja kazi inayoonekana imekosewa. Kiraka ni cheusi zaidi ya sehemu nyingine. Mteja ananuna. Unamwambia asubiri mwaka. Ndiyo sababu ya vile vibao vya majaribio vilivyojaa ukutani, kila kimoja na mwezi wake nyuma: vinatuonyesha mchanganyiko wa leo utakuwaje mwakani.

Mama Hisae alikwenda Japani miezi mitatu kumuuguza dada yake. Aliniachia funguo, brashi na daftari la kazi. Wiki ya pili aliingia kijana mmoja Mkenya, nadhifu, anafanya kazi benki. Alijitambulisha kwa jina la Kamau. Alibeba sanduku jekundu la ghorofa tatu, lile ambalo Wajapani hupakulia chakula cha sikukuu. Baba yake alilinunua alipokuwa akisoma mambo ya meli huko Japani, akampelekea mchumba wake Nyeri. Yule mchumba, ambaye ndiye mama yake Kamau, aliweka ndani yake mandazi ya Krismasi kila mwaka, na nilipofungua kifuniko lilinukia mafuta ya kukaangia. Alipohamia kwa mwanawe huku, Kamau alilipanga juu ya rafu, hita iko chini yake. Majira ya baridi yalipoisha, mbao zilikuwa zimesinyaa na laka imebanduka kwenye pembe ya kifuniko, kipande cha ukubwa wa kiganja.

Nilimweleza kwamba kazi ni ya miezi miwili, kisha kiraka kitakuwa cheusi kwa muda wa mwaka kabla ya kulingana. Akaenda dirishani, akasimama kama anaangalia magari kwenye robot, zile taa za barabarani.

Akasema, "Dada, mama hana mwaka. Daktari ameniambia miezi minne, labda mitano. Yeye hajui. Nataka alione likiwa zima."

Alinishika mkono, akaniomba habari ile isitoke mle ndani. Nikamwahidi.

Siku tatu sikugusa kazi. Nilisimama mbele ya vibao kama mtu aliyesahau alichotumwa. Sheria ya Mama Hisae niliijua: unalinganisha na mwaka ujao. Lakini mwenye mwaka ujao hakuwa mbele yangu. Siku ya nne nilichanganya nyekundu ya kulingana leo. Niliongeza unga kuliko kawaida, nikapunguza vitambaa kabatini ili utomvu ukomae polepole, maana ukikomaa haraka unazidi kuwa mweusi. Kilichokuwa kikomae kwa usiku mmoja kilichukua siku kumi na moja. Kilipotoka, hata mimi niliyekiziba nilikitafuta kiraka kwa kidole.

Nilipeleka sanduku mwenyewe, siku mbili kabla ya Krismasi. Mama Kamau alikuwa mwembamba, mwenye miwani mikubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu. Aligeuza kifuniko kwenye mwanga, akapapasa pembe zote nne, akaniuliza ni ipi iliyokuwa imevunjika. Nilifurahi, sitaficha. Nilirudi nyumbani na mandazi kwenye mfuko, nikijiona fundi.

Mama Hisae aliporudi alisoma daftari, kisha akaenda ukutani kutazama kibao nilichokifanyia jaribio. Alikigeuza, akasoma mwezi nyuma yake: kilikuwa chekundu mno kwa umri wake. Hakuhitaji kuliona sanduku.

"Umemfanyia nani kazi hii?" akauliza.

Nikamjibu nimemfanyia mwenye sanduku.

"Mwenye sanduku hili bado hajazaliwa," akasema. "Huyu analitunza tu."

Aliniuliza kwa nini, mara moja tu, na nilikuwa na jibu, lakini nilikuwa nimeahidi. Tena Mama Hisae hakuwa mtu wa kumwachia siri. Kila alichokijua kuhusu kitu alimwambia mwenye kitu, kwa sababu hakuona tofauti kati ya heshima na kusema kila kitu. Nikasema nilitaka mteja aridhike. Aliichukua brashi mezani pangu, akaifuta, akaiweka kwenye droo yake. Mimi nikapewa karatasi za kuchujia. Niliumia sana. Umri wangu ule, nikarudi kusokota karatasi.

Mama Kamau hakufa. Miezi minne ikapita, na mitano, na mwaka. Nasema hivi kwa heshima, kwa sababu nilimpenda, lakini kila mwezi aliouongeza ulinimaliza mimi. Kiraka kiliendelea kufunguka kama kilivyotakiwa na maumbile yake. Mwaka wa kwanza mtu mwenye jicho angekiona. Mwaka wa pili kila mtu alikiona. Mwaka wa tatu pembe ile ilikuwa kama nyanya juu ya tofali. Na yeye alikuwa mkarimu, wageni hawakukatika, kila mgeni akiletewa mandazi anaona na kuuliza, naye anawaambia ni kazi ya fundi mmoja Mtanzania, mtu mzuri sana, ila rangi hajui. Wakenya wa mji huu wana vikundi vya kanisa, vya chama cha akiba, vya mazishi. Habari ilifika kote. Wateja wawili waliokuwa wametuahidi vitu vyao hawakutokea tena, na mmoja alipiga simu kuuliza kama yule mama wa rangi bado yupo.

Hapo ndipo Mama Hisae alipoweka sharti. Niende nikalichukue sanduku, kiraka kiondolewe, tulizibe upya bila malipo. Nikilifanya sawasawa, brashi ni yangu tena. Nisipolileta, nitaendelea kuchuja mpaka atakapojisikia vingine, na nilimjua, hakuwa mtu wa kujisikia vingine.

Yaliyotokea siku hiyo sijawahi kuyaandika popote. Mama Kamau alizikwa Nyeri mwaka jana, na Kamau ameisoma karatasi hii kabla yenu. Amekaa nayo siku mbili, kisha akanitumia ujumbe wa neno moja: sawa.

Nilikwenda Jumamosi mchana, na kikapu na blanketi la kufungia. Nilikuwa nimejifunza uongo wangu njiani: unga wa rangi niliouziwa ulikuwa mbovu. Mama Kamau alinikaribisha chai, sanduku likiwa mezani na ile pembe yake. Nikamwambia nimekuja kulichukua tulitengeneze, ule unga ulikuwa mbovu.

"Mbovu kivipi?" akauliza. Mwalimu ni mwalimu.

Nilianza kueleza. Ningesema tu umeharibika, ningekuwa salama. Lakini nilikuwa na miaka mitatu ya kuitwa fundi asiyejua rangi, na mbele yangu kulikuwa na mtu anayesikiliza kwa makini, basi nikajisahau. Nilimweleza utomvu ulivyo wa kahawia, unavyokuwa angavu, jinsi nyekundu inavyohitaji mwaka mzima, jinsi fundi anavyolazimika kutoa kazi ikiwa na giza ili mwakani ilingane. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mtu. Nilipomaliza nikasikia nilichokisema.

Mama Kamau aliweka kikombe chini.

"Kwa hivyo fundi anayejua kazi hupeana ikiwa giza."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe hiyo Krismasi uliniletea ikiwa sawa kabisa. Nilitafuta hiyo pembe nikakosa."

Nikaanza kukunja upya lile blanketi la kufungia.

"Somoe, nimefunza hesabu miaka thelathini na mbili," akasema. "Mlikuwa mmenipatia muda gani?"

Ningeweza kukana. Lakini alikuwa ananiangalia juu ya miwani, bila hasira, kama anayengoja mtoto amalizie swali ubaoni.

"Miezi minne, mama. Labda mitano."

Alihesabu kwa vidole, mkono huu, halafu ule, akarudia mwanzo. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka msichana wa kazi akachungulia kutoka jikoni, mpaka akavua miwani akafuta macho. Mimi sikucheka, nililia kidogo, naye akanisukumia kitambaa cha meza nijifute.

"Wacha ikae hivyo," akasema, akivuta sanduku upande wake. "Hii haiendi mahali. Na usimwambie mtu. Kamau anafikiri alinificha, na hiyo imemsaidia."

Akanipakulia mandazi manne, akafunga kifuniko, akaweka kiganja chake juu ya ile pembe nyekundu. Aliniambia nikisikia watu wanamsema vibaya yule fundi Mtanzania nivumilie, kwa sababu yeye mwenyewe hana mpango wa kuacha kumsema.

Nilirudi karakana na kikapu kitupu. Mama Hisae aliuliza sanduku liko wapi, nikamwambia mwenyewe amekataa kulitoa. Akauliza sababu. Nikamwambia hakutoa sababu. Akafungua droo, akanipa pakiti mpya ya karatasi za kuchujia. Nilichuja utomvu mwaka mwingine mzima na miezi miwili juu yake kabla brashi haijarudi mezani pangu, na kusema kweli, Furaha, sijawahi kuchuja kwa furaha kama mwaka ule.